Tone la Mwisho Glasini

Asubuhi ya Alhamisi Bi Odile Trepagnier alikuta glasi imejaa juu ya kaunta, na hakika si yeye aliyeijaza.

Hakuwa mtu wa kusahau. Tangu mumewe Clovis afariki, miaka kumi na mmoja sasa, alilinda peke yake makumbusho yale madogo katika mtaa wa kale wa New Orleans: vyumba viwili vya chupa, vijiko virefu na madaftari ya wachanganya vinywaji waliokufa zamani. Watalii huingia, hupiga picha, huuliza choo kiko wapi, huondoka. Ukimkuta akiongea na chupa usimcheke. Mwenye nyumba tupu huongea hata na ukuta.

Aliinusa. Wiski, shamari, na limau ambalo ganda lake lilikamuliwa juu ya glasi kisha likatupwa, maana kulitumbukiza ndani ni ushamba. Hivyo ndivyo alivyochanganya Anatole Duvernay, aliyesimama nyuma ya kaunta hiyohiyo na kufa zaidi ya miaka mia iliyopita.

Odile alijua kosa lake. Jana yake, siku ya kumbukumbu ya Clovis, alifanya asilolifanya mtunza makumbusho yeyote: alifungua chupa ya mwisho ya Anatole, yenye maji machungu ya mizizi, akalifuata daftari lake hatua kwa hatua, akanywa kwa glasi ya Anatole mwenyewe. Alitaka kuijua ladha ile kabla haijapotea duniani. Machozi yalimzidi, akaiacha bila kuimaliza.

Ijumaa glasi ikaja tena. Saa nne kamili kijiko kiligonga kioo mara tatu, taratibu, na sauti ya mwanamume ikanong'ona karibu na sikio lake, "Kama kawaida, bibi?"

Alikimbilia barabarani. Jumamosi hakukimbia. Alionja, akabakisha kidogo. Jumapili mtalii mmoja, kama haoni mtu, alitaka kukalia kiti ambacho Odile amekikalia.

Jumatatu shoga yake Philomène, muuza mishumaa na mizizi ambaye watu humpelekea habari za wafu wao, alileta bakuli la maharage mekundu na wali kama kila Jumatatu.

"Odile! Uko wapi wewe?"

"Si nimesimama mbele yako? Miwani umeiuza?"

Philomène hakucheka. Alifinya macho, akanusa hewa, sauti ikashuka. "Nakuona kama uko nyuma ya pazia. Nani anakunywesha?"

Odile alimweleza yote. Philomène akalipekua daftari la Anatole, kidole kikasimama kwenye ukurasa wa kwanza. "Haya, sikia. 'Siondoki mteja akiwa na tone glasini. Akimaliza, aipindue, nami nitazima taa.' Ulimbakishia, shoga. Hawezi kwenda. Na anayehudumiwa na wafu huhesabiwa nao. Kesho imalize, uipindue. Usipofanya, Jumatatu ijayo nimletee nani maharage?"

"Nimesikia."

"Kusikia si kufanya. Apa."

"Naapa kwa Clovis."

Kesho yake kijiko kiligonga, na harufu ya shamari ikajaa chumba, ikapanda kwenye pazia, ikamwingia kooni, na Odile, mikono ikiwa baridi mpaka haisikii kioo, alikunywa huku akijiambia asisikilize, asigeuke, asitazame kile kivuli chenye aproni nyeupe kilichokuwa kikifuta kaunta pole pole kuelekea alipoketi, mpaka likabaki tone moja tu, akaiinua glasi aipindue.

"Leo nimepunguza sukari," sauti ilisema. "Jana ulikunja uso."

Odile alibaki ameishika glasi hewani. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwona akikunja uso. Uchungu wa upweke ule ulimpanda wote kwa pamoja.

"Clovis, nisamehe," alinong'ona. Akaiweka glasi chini, imesimama, na tone lake ndani. "Tuonane kesho, Bwana Anatole."

Jumatatu iliyofuata Philomène alifika na bakuli lake. Mlango ulikuwa wazi.

"Odile?"

"Niko hapa, shoga."

Philomène alizunguka vyumba vyote viwili. Alipita karibu hata upindo wa gauni lake ukamgusa Odile mguuni, lakini Odile hakuhisi kitu. Kisha akaiona glasi, na alama ya rangi ya mdomo ukingoni. Akaishika. Akaanza kuipindua.

"Usiipindue!" Odile alipiga kelele. Hakuna aliyesikia.

Kijiko kikagonga kioo mara tatu. "Kama kawaida, bibi?" sauti ya mwanamume ilinong'ona, na safari hii Philomène naye aliisikia, akajua shoga yake anahudumiwa. Machozi yakimtiririka, akairudisha glasi juu ya kaunta kwa uangalifu ili tone lisimwagike. Akaweka bakuli la maharage kando yake.

"Basi kaa, shoga," alisema. "Kula yangali moto."