Soksi Kumi na Mbili za Bi Lorraine

"Rudisha soksi zangu!"

"Soksi zipi, Bi Lorraine? Mimi zangu zinanitosha!"

"Nilianika kumi na mbili. Leo Jumatatu. Jumatatu kamba ni yangu, Jumanne ni yako. Hata paka wa mtaa huu anajua."

"Basi muulize paka!"

Mimi nilikuwa jikoni kwangu, ghorofa ya chini, dirisha wazi. Nilifunga bomba la maji. Maji yakitiririka husikii vizuri.

Nyumba zetu hapa Worcester, Marekani, zina ghorofa tatu tatu, na zimepeana migongo. Kati ya vibaraza vya nyuma imepita kamba ya kuanikia nguo, inayozunguka kwenye vigurudumu. Ukivuta upande wako, nguo za jirani zinakuja kwako. Ndiyo maana kila mtu ana siku yake. Anayevuta siku ya mwenzake husemwa mtaa mzima, na mara nyingi msemaji ni mimi.

Bi Lorraine Gagnon alivuka uwanja na sapatu zake, akapanda ngazi mpaka kwa Ivette Maldonado, ghorofa ya pili. Nami nikakumbuka kwamba nilikuwa na bakuli la Ivette tangu Pasaka. Nikaona leo ndiyo siku nzuri ya kulirudisha.

Ivette alifungua mlango huku uso umemvimba kwa hasira.

"Karibuni mpekue! Tafuteni hata kwenye friji!"

Hatukufika kwenye friji. Chini ya meza ya kulia alikaa Yaritza, binti yake wa miaka minne na nusu. Mbele yake kulikuwa na soksi, na magotini alikuwa na kitabu cha picha kilichochakaa pembe zote. Ni kitabu cha dubu aliyeamka kutoka usingizi mrefu wa majira ya baridi akakuta soksi zake zimepotea.

Yaritza hakutuona. Alichukua soksi moja, akaivuta mguuni.

"Hii si yangu, ni fupi," akasema kwa sauti nzito ya dubu. Akachukua nyingine. "Hii si yangu, ni ndefu."

Ivette alishika kichwa. "Yaritza! Umevuta kamba ya Bi Lorraine? Utanitoa roho, mtoto wewe!"

Yaritza akanyamaza papo hapo. Akafunika uso kwa kitabu.

"Umeona?" Ivette alisema, na sasa sauti ilikuwa ya kilio. "Ndivyo anavyofanya. Nimenunua kadi za herufi. Kila jioni tunakaa saa nzima. Nikitoa kadi, anakuwa bubu. Anataka dubu tu, dubu tu! Jumatano ya wiki ijayo walimu wanawaangalia watoto wanaoanza shule. Akinyamaza hivi, watasema hajui kitu."

Bi Lorraine alikuwa mwalimu. Alifundisha watoto wadogo miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Alipiga magoti polepole, mifupa ikalia, akaangalia sakafuni.

"Ivette, njoo uone. Nani amepanga hizi?"

Soksi ndefu zilikuwa pamoja. Fupi pamoja. Zenye mistari zilikuwa kando, mbili mbili.

"Mimi sijazigusa," alisema Ivette.

"Basi amezipanga mwenyewe. Amelinganisha urefu. Amepata jozi. Na hadithi anaijua kwa moyo. Huyu anasoma, mama. Wewe unamtafuta kwenye kadi, naye yuko kwa dubu."

"Lakini kitabu ni kile kile kila siku!"

"Ndiyo vizuri. Akikijua, anajua nini kinafuata, na hapo maneno yanamtoka. Hadithi itoeni kwenye karatasi, muiigize. Na Jumatano usiiogope. Walimu hawamfukuzi mtoto. Wanataka kujua wamsaidie wapi."

Kisha akahesabu soksi zake. "Kumi na moja. Nyekundu moja iko wapi?"

Tuliitafuta mpaka chini ya makochi. Haikuonekana.

Kesho yake, Jumanne, Yaritza alianika soksi mwenyewe kwenye kamba fupi iliyofungwa kati ya viti viwili. Kubana na kubanua vibanio kunatia vidole nguvu, Bi Lorraine alisema, na vidole hivyo ndivyo vitakavyoshika penseli. Jumatano wakakanda unga, chumvi na maji, wakatengeneza nyayo za dubu, kubwa na ndogo. Alhamisi sebule ikawa msitu. Mito ya makochi ikawa daraja, na dubu alipita juu, chini na kando. Mimi nilipewa kazi ya kuwa nungunungu wa kwenye hadithi. Nilistahili kazi kubwa zaidi, lakini sikulalamika.

Jambo lililomshinda Ivette lilikuwa kunyamaza.

"Muulize swali, halafu subiri," Bi Lorraine alimwelekeza. "Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo."

"Yaritza, unadhani kwa nini dubu analia?" Ivette akauliza. Akahesabu mpaka tatu. "Kwa sababu miguu ina baridi, si ndiyo?"

"Ivette!"

"Haya, haya!"

Akarudia, safari hii ameziba mdomo kwa kiganja. Tulisubiri. Nusura nijibu mimi. Ndipo Yaritza akasema, "Analia kwa sababu hakuna mtu anayemsaidia kutafuta."

Ivette alitoa kiganja mdomoni, akafuta nacho macho.

Jumatano ile ya shule ilipofika, sikutoka nyumbani. Nilikaa dirishani. Saa saba mchana nikawaona wanakuja, Yaritza mbele, anaruka ngazi mbili mbili.

"Vipi?" nikapiga kelele.

"Kaongea mpaka mwalimu akamwomba apumzike!" Ivette alijibu. "Kampangia vifungo kwa ukubwa, kamsimulia habari za dubu mwanzo mpaka mwisho! Herufi anajua tisa tu, lakini mwalimu kasema nyingine zitakuja, anaanza na wenzake!"

Bi Lorraine alikuwa ameshafika mlangoni kwa Ivette, anahema, sapatu moja imemvuka. Mimi nilikuwa nyuma yake. Bakuli nilikuwa nimelirudisha, kwa hiyo safari hii nilikuja mikono mitupu.

Yaritza aliingiza mkono mfukoni. Akatoa soksi nyekundu, imekunjamana kama zabibu kavu.

"Nilikwenda nayo shule," alisema. "Nilikuwa naishika."

Bi Lorraine aliinama. "Na sasa huitaki tena?"

Yaritza aliipima mguuni, akatikisa kichwa.

"Hii si yangu," akasema kwa sauti ya dubu. "Ni ndefu."

Jikoni harufu ya wali wa mbaazi ilikuwa inatuita. Ivette alifungua mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Bi Lorraine, ingia ule, chakula kinapoa. Na wewe, nungunungu, usijifanye unapita tu. Ingia!"