Bibi Asiyeingia Jukwaani

Jioni ile nilipita maktaba ya chuo kuazima tamthilia ya Kiingereza. Nasema ya zamani hasa, ya watu kuvaa kola pana kama sinia na kuongea ukurasa mzima kabla ya kuchomana upanga. Mtu mzima mimi, tumbo limetangulia, nusu ya maisha nimewachekesha watu jukwaani, leo nahangaika na mada ya insha! Mhadhiri wetu, binti wa kumzaa kabisa, alishazikataa mada zangu zote.

"Kesho asubuhi uje na mpya, baba," aliniambia. "La sivyo nakufuta darasani."

Mkutubi alinipa kitabu huku akicheka.

"Mzee Vituko, wenzako saa hizi wako na wake zao."

"Wangu alishatangulia, dada. Hata mwisho wa utani wangu hakuusubiri."

Akageukia rafu zake. Nami nikaondoka.

Siwezi kuielewa tamthilia nikiwa nimekaa kitako. Sisi wa jukwaani husoma kwa sauti. Mwenzako asipokuwepo, unamwachia kimya cha kutosha jibu lake, kisha unaendelea. Nyumbani kuta zimeshanichoka, basi nikaingia ukumbi wa maonyesho. Jua lilikuwa linazama. Viti vitupu. Pazia jekundu lililopauka.

Nikasoma. Mtumishi anamwita bibi wa nyumba: "Bibi, wageni wamefika." Bibi hajibu. Tamthilia nzima haonekani, anatajwa tu. Lakini mimi, kwa mazoea, nikamwachia kimya chake...

"Nakuja."

Sauti ya mwanamke. Nyuma ya pazia.

Nikatazama kitabu. Hakuna jibu pale. Nikacheka, maana ndiyo kazi yangu.

"Nyie wanafunzi, tokeni huko, nina presha mimi!"

Hakutoka mtu.

Kisha harufu... Poda ya uso, na nguo iliyokaa kwenye unyevu.

Nikarudia, sasa kwa kunong'ona. "Bibi... wageni wamefika."

Pazia likatikisika. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Nimesubiri sana," sauti ikasema, karibu kabisa na sikio langu. "Nisimame wapi?"

Sikumwonyesha. Nilikimbia, kitabu mkononi, kiatu kimoja nikakiacha kwenye ngazi.

Mkutubi alikuwa anafunga mlango wa maktaba. Nikamsimulia huku nahema. Hakucheka.

"Zamani wanafunzi waliigiza hiyo hiyo," akasema polepole. "Bibi walimwongezea jibu, ili binti mmoja mpole naye apate pa kuingia. Siku ya onyesho, mtumishi akauruka mstari wa kumwita. Binti akabaki kule nyuma, anasubiri. Tamthilia ikaisha. Watu wakapiga makofi, wakazima taa, wakaenda zao."

"Na yeye?"

"Hakuna aliyemwona akitoka."

Asubuhi mada yangu ikapita: watu wanaotajwa jukwaani lakini hawapewi nafasi ya kuingia. Mhadhiri akanipa mkono. "Safi sana, baba! Umeitoa wapi hii?"

Nikamwambia nimeota.

Insha inakwenda vizuri. Tatizo ni kwamba yule binti nimemwingiza mimi. Chumba changu kinanuka poda. Nikikaa kula, kiti cha upande wa pili kinavutwa... taratibu. Nimepekua kitabu hadi jalada la nyuma. Hakuna mstari wa kumtoa.

Naweza kuutunga mwenyewe. Mistari ya kuwaondoa watu jukwaani nimetunga mingi tu. Jana nilishika kalamu nikaandika: "Bibi, sasa unaweza kwenda."

Kile kiti kilichokuwa kikikwaruza sakafu kikatulia. Kama mtu anayezuia pumzi ili asikie vizuri.

Huruma ikanizidi nguvu. Kwake yeye, au kwangu mwenyewe, sijui. Nikaukata ule mstari. Badala yake nikamsimulia kichekesho, kile kirefu, cha daktari wa meno na bwana harusi. Ni muda mrefu sijamsimulia mtu ndani ya nyumba hii.

Akacheka.

Lakini alicheka katikati, kabla sijafika penye kuchekesha. Kwa nguvu. Akaendelea kucheka.

Hasubiri zamu yake tena.