Ukurasa Mkavu wa Bibi Mwamvua

Mfumaji, mashine iliyofuma kurasa za vioo vyote, hakuwa na mikono, lakini Tabora nzima hakukuwa na fundi wa kumfikia kwa kasi. Shangazi Tausi alikohoa mara moja tu mbele ya kioo cha ukutani, na kabla hajafuta mdomo ukurasa mzima ulikuwa umeshafumwa: dawa ya kifua juu, zahanati ya karibu katikati na, kwa kuwa Mfumaji alimjua vizuri, taarabu aipendayo chini. Jirani akikohoa mbele ya kioo hicho hicho angepata ukurasa mwingine kabisa. Huo ndio ulioitwa ukurasa hai. Watu walikuwa wameuzoea hivyo, wakasahau kwamba zamani ukurasa mmoja ulisomwa na maelfu, na wote wakaona kitu kimoja.

Nyamizi alikuwa akijaribu kutengeneza ukurasa wa zamani namna hiyo, na ulikuwa unamtoa jasho.

Kazi yake ilikuwa kupima asali kiwandani. Hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, ile lugha ya maelekezo inayosomwa na mashine. Lakini sheria ilikuwa imeacha mlango mmoja wazi. Ukurasa ulioandikwa kwa mkono wa mtu uliitwa ukurasa mkavu, na Mfumaji hakuruhusiwa kuugusa wala kuukanusha. Hukumu za mahakama zilipita kwa njia hiyo, na Nyamizi alitaka habari za msiba wa bibi yake zipite hivyo pia.

Bibi Mwamvua alipofariki, tangazo walimwachia Mfumaji, naye akamfumia kila ndugu la kwake. Baba yake Nyamizi alikuta saa ya maziko juu kabisa. Shangazi alianza kuona habari za mapishi. Baba Mdogo Mrisho, kitindamimba wa marehemu, fundi katika kituo cha anga kinachoizunguka dunia, hakuja, hakupiga simu, hata pole hakutuma. Katika ukoo wao aliyekosa maziko hutakiwa kuja mwenyewe kuomba radhi, na kumtafuta ni kujidhalilisha. Basi hakuna aliyemtafuta. Baba aliapa kwamba arobaini ikipita kimya, jina la mdogo wake lisitajwe tena nyumbani kwake. Nyamizi alishuku kwamba Mfumaji aliizika habari yenyewe chini kabisa ya ukurasa, na Baba Mdogo hakuiona. Arobaini ilikuwa kesho kutwa.

Alichotaka kilikuwa kidogo mno. Kichwa cha habari juu, picha ya Bibi chini yake, halafu masanduku matatu katika mstari mmoja, kila sanduku na sura ya mtoto wa marehemu, kwa kufuata kuzaliwa: Baba, Shangazi, Baba Mdogo. Masanduku mawili yalitulia. La tatu lilidondoka chini ya mengine, likakaa peke yake kushoto kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Limeanguka tena?" Shangazi aliuliza huku akimenya vitunguu.

"Limeanguka. Nikilipandisha hilo, la kwako linapanda juu ya picha ya Bibi."

"Usinikalishe juu ya kichwa cha mama yangu, tafadhali. Na huyo Mrisho mtoe huko chini. Baba yako akimwona hivyo atasema hata mashine imemkataa."

Nyamizi alifuta, akaandika upya. Sanduku likaanguka. Akaipunguza picha, sanduku likaanguka na picha yake ndogo. Akakosea alama moja, ukurasa wote ukageuka mweupe, na kazi ya asubuhi nzima ikaenda na maji. Alipiga meza kwa kiganja hadi vitunguu vikaruka. Machozi yalikuwa karibu, na hasira ilikuwa karibu zaidi.

"Nyamizi, naona unahangaika," Mfumaji alisema kwa ile sauti yake ya asali. "Nikumalizie?"

"Nyamaza! Wewe ndiye uliyetufikisha hapa."

Alirudia kusoma maelekezo yake polepole, na hapo akaona. Kila sanduku alilitengea theluthi kamili ya upana wa ukurasa, kisha akaweka nafasi kati yao. Hakuzihesabu zile nafasi. Theluthi tatu zilikuwa zimeshaujaza mstari, na nafasi zikamsukuma Baba Mdogo nje. Ujinga mtupu! Aliyapunguza yote matatu kidogo, na sanduku la mwisho likapanda, likakaa kando ya dada yake.

Shangazi alipiga kigelegele, kisha akakumbuka ni msiba, akajifunika mdomo. Nyamizi akautuma ukurasa kwa ndugu wote.

Haukupita muda, uso wa Baba Mdogo ukatokea kiooni.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ukurasa wako nimeuona. Umejitahidi. Ila una kosa moja, lirekebishe kabla baba yako hajaona. Umeandika mama amefariki."

Nyamizi alimtazama Shangazi.

"Najua bado unajifunza," aliendelea kwa upole. "Labda umechukua mfano wa msiba wa watu ukasahau kubadili jina. Jana tu nilizungumza na mama. Miguu imempa nafuu. Anacheka kweli siku hizi."

Kisu kilimponyoka Shangazi. Mafundi wa kituo kile walifanya kazi nje ya kuta, mahali ambapo mkono ukitetemeka mtu hufa, na mwajiri wao alikuwa amemkabidhi Mfumaji kazi ya kutuliza roho zao. Namna atakavyozituliza hakuna aliyeuliza.

"Baba Mdogo, si kosa. Bibi amefariki. Tulimzika mwezi uliopita."

Uso ule ulizidi kutabasamu. "Haya, nitamfikishia salamu zako."

"Mrisho!" Shangazi alipaza sauti. "Mama amekufa, Mrisho!"

"Na wewe pia, Dada. Mapishi mema."

Nyamizi alikata simu. Hata sauti zao zilikuwa zinafumwa upya kabla ya kumfikia. Alirudi kwenye ukurasa mkavu, akayafuta masanduku yote, akaandika kwa herufi kubwa: *Baba Mdogo Mrisho, hakuna kosa. Unayezungumza naye si mama yako.*

"Je, akiwa nje ya kuta sasa hivi?" aliuliza.

Shangazi alikuwa analia bila kujificha. "Ametoka kuongea na sisi, basi yuko ndani. Tuma."

Akatuma. Wakakaa wakikitazama kioo mpaka kilipowaka tena. Baba Mdogo alikuwa amezeeka ghafla.

"Nimempigia mama nimuulize," alisema. "Hakuukanusha ukurasa wako. Ameniambia ni kweli."