Mrukaji Aliyepita Chini ya Ufito

— Weka ile sindano chini, Tshibola. Ile godoro haiko ya baba yako, iko ya kilabu.

Tshibola hakuinua hata macho. Alikuwa amepiga magoti katikati ya uwanja wa Dilala, anafumua mshono wa godoro kubwa la kuangukia apate kulibeba vipande, lile wanalotua waruka perche, wale wanaoruka juu kwa mti mrefu, wakishavuka ufito.

— Stany, sindano ni yangu. Uzi ni yangu. Magunia, ni tata aliyabeba ku mabega kutoka mugodi ya Mashamba. Sponji, ni miye niliijaza. Kilabu ilileta nini? Kilabu ililetaka midomo tu.

Stany, katibu wa kilabu, akacheka cha kulazimisha. Vijana wawili nyuma yake hawakucheka.

— Bitu ya Katanga inabakia ku Katanga. Beye Bakasai muende na mikono mitupu.

— Mi nilizaliwaka hapa Kolwezi. Na kaku yangu analala ku mawe pa gare. Godoro inaenda kwa kaku.

Ulikuwa mwaka 1993. Kampuni ya mgodi imeporomoka, mishahara imekatika, na watu wenye njaa wakaambiwa kwamba adui ni jirani. Familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa majumbani mchana kweupe, zikaenda kulundikana gare, stesheni ya reli, zikisubiri gari moshi la kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai.

Basi ngojeni niwaambie huyu Tshibola ni nani, maana msije mkadhani ni msichana wa kugombania magunia. Baba yake, tata Kankolongo, alikuwa mchomeleaji kwenye karakana ya mgodi. Vifaa vyote vya perche pale Dilala vilitoka mkononi mwake. Alitengeneza lile sanduku la chuma lililofukiwa ardhini, ncha ya mti ipate pa kukita. Akachomelea nguzo mbili za kubeba ufito. Kwa wanaoanza, waoga, akafunga mpira wa baiskeli badala ya ufito, ili mtu akiugusa usimuumize. Na kila kifaa kilipokamilika, wa kwanza kukijaribu alikuwa binti yake, na mti wa mwanzi, huku mama za watu wamejishika vichwa.

Na kulikuwa na kijana, Mwenze. Yeye alifundishwa na nani? Na huyo huyo Tshibola. Alimning'iniza kwenye kamba miguu juu mpaka akazoea. Akawa mrukaji bora wa Lualaba nzima, na kila akishavuka alikuwa anatafuta uso mmoja tu. Wakapendana. Akaahidi kuleta wazazi. Kila mwezi akawa na sababu.

Ndiye huyo sasa anakuja mbio kutoka upande wa lango. Moyo wa Tshibola ukatulia. Akajua sasa Stany atajibiwa na mwanaume.

— Tshibola, chérie, iache tu, Mwenze akasema, anahema. Juma inakuya kuko sélection ya kuchagua barukaji ku Lubumbashi. Godoro ikienda, mi nitajifunza na nini?

Jamani. Mdomo mwingine unajua kweli mahali pa kufungukia.

Tshibola akasimama taratibu, akapangusa magoti.

— Nilifikiri utaniuliza mi naenda na nani.

— Haiko ile nilitaka kusema…

— Njo ile ulisema.

Akaiacha sindano imechoma gunia, akaondoka. Alilia, naam, lakini alisubiri mpaka apite nyumba ya mwisho ya Dilala, maana machozi yake hakutaka Stany ayaone.

Kesho yake asubuhi, muuza mihogo mmoja akamletea gare kikaratasi kilichokunjwa. Mwandiko ni wa Mwenze.

"Tshibola, usipande gari moshi. Nitakuficha kwa tantine, shangazi yangu, ku Kasaji. Utajiita Bilonda, jina ya kwetu, hakuna mutu atajua. Mambo ikipoa tutaoana."

Alikisoma akiwa amekaa kwenye kokoto, mgongo kwa mgongo na kaku, bibi yake, aliyekuwa akikohoa usiku kucha. Msijidanganye kwamba hakutamani. Alimpenda yule kijana mpaka akasahau kumeza mate. Kasaji kuna mashamba, kuna nyumba, kuna kitanda. Hapa kuna mvua.

Tata Kankolongo, amekaa juu ya sanduku lake la vyombo vya kazi, akamtazama.

— Anasema nini?

— Anasema nikuwe mutu mwingine, tata, njo anioe.

— Na weye unasema?

Tshibola akaomba kalamu kwa mwalimu aliyekuwa jirani yao. Akaandika nyuma ya karatasi ile ile: "Niko na jina." Akamrudishia mama wa mihogo.

Mchana, watu walioketi upande wa barabara wakaanza kusimama mmoja mmoja. Vijana wa kina Stany walikuwa wameweka kizuizi pale, na kelele zilitoka huko.

Mbele alitangulia mama Henriette, mama yake Mwenze, amefunga kitenge kipya, kuku kwapani. Nyuma yake Mwenze na rafiki zake wanne wamelibeba lile godoro, limening'inia kwenye miti ya perche kama nyama ya mawindo. Mwingine kabeba nguzo na ufito.

— Mwenze, Stany akaita, unapelekea adui bitu yetu?

— Napelekea bakwe yangu bitu yabo, Mwenze akajibu, wala hakusimama.

Kijana mmoja akainua fimbo. Mama Henriette akaenda kusimama mbele yake, akamkazia macho.

— Nilikuoshaka matako, weye. Pisha.

Akapisha.

Godoro likatandikwa, vikongwe wakalazwa, na bibi yake Tshibola akawa wa kwanza. Tshibola mwenyewe hakuinuka kwenye kokoto.

— Umeleta godoro. Aksanti. Sasa rudia ku mazoezi yako.

— Mazoezi ya wapi? Nimeng'oa yote. Ku Lubumbashi batanikosa.

Mwenze akampita, akaenda kupiga goti mbele ya mzee.

— Tata Kankolongo, nimekuya na mama yangu. Tuko na neno.

Mzee akanyoosha mkono kumzuia.

— Ngoja. Kwetu, mutoto mwanamuke habamuombe mu njia. Baba yake anaikala mu nyumba, mugeni anabisha, anapita ku mulango, njo anasema. Nyumba yangu iko na batu bengine leo. Siko na mulango. Neno yako siwezi kuisikia.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyenyang'anywa vyote, akabakiza desturi, na hiyo hakuwa tayari kuitoa bure. Mama Henriette akainamisha kichwa, akaona mzee ana haki. Tshibola akauma mdomo.

Mwenze akatazama huku na huku. Kisha akawaita rafiki zake. Wakasimamisha zile nguzo mbili mbele ya godoro, wakazitia mawe chini, akapandisha ufito juu, usawa wa kifua chake.

— Tata, uikale. Mulango ni weye mwenyewe uliitengeneza.

Mzee akazizunguka zile nguzo, akafumba jicho moja.

— Hii ya kuume imelala, akasema.

Akainyoosha kwa mkono wake. Ndipo akaenda kukaa kwenye godoro, mgongo wima, akapandisha kola ya shati lake.

— Hodi, akasema mama Henriette kutoka nje.

— Karibu, mama. Karibuni mu nyumba yangu.

Mwenze, aliyezoea kupita juu ya ufito huku watu wakipiga makofi, akainama, akapita chini yake.

— Unatafuta nini?

— Natafuta bibi ya kuoa. Anaitwa Tshibola, mutoto ya Kankolongo. Sitaki mwingine, na sitaki jina ingine.

— Weye, binti yangu. Ule kuku nimupokee?

Tshibola akasimama.

— Mwenze, mi sibaki Kolwezi kwa kujificha.

— Sikukuya kukubakisha. Nimekuya kupanda gari moshi.

— Na mama yako?

Mama Henriette akafuta jicho kwa ncha ya kitenge.

— Mizigo yake ni miye nilifunga, mutoto yangu. Leo asubuhi alinionyesha karatasi yako, akaniambia na ile alikuambia jana ku uwanja. Nikamuuliza kama ni miye kweli nilimuzaa.

Tshibola akacheka, machozi yanatiririka, na safari hii hakujali nani anaona. Akaingia chini ya ufito, akampokea yule kuku, akampa baba yake. Vigelegele vikapigwa pale gare, mahali ambapo kwa wiki nyingi palisikika kikohozi na maombi tu.

Gari moshi lilifika kabla jua halijazama. Mabehewa ya mizigo, hayana hata benchi. Godoro likaingizwa, vikongwe wakaketi. Mlangoni askari akamshika Mwenze kifuani.

— Weye nakujua, unaruka perche. Uko mutoto ya hapa. Hii gari ni ya Bakasai. Unaenda wapi?

Mwenze akafungua mdomo, lakini Tshibola alimtangulia. Alisema kwa nguvu, wa behewani wasikie, na wale wa kizuizini pia wasikie.

— Ni bwana yangu. Anaenda kwetu.

Askari akaondoa mkono.