Dumu la Njano

Gohar, jirani yetu wa upande wa kisima, husimulia kwamba Shambe alibeba mafuta ya papa makusudi, kwa kuwa alihisi bahari itawageuka. Wanawake wa Ormara, mji wetu wa pwani, humwitikia. Shambe akisikia, huinuka akaenda kumfunga mbuzi ambaye tayari amefungwa.

Dhoruba iliwapata siku ya pili baharini, yeye na Dilmurad, mume wa dada yake. Ikaua mashine, ikawasukuma mbali na pwani. Upepo ulipotulia, Shambe alifungua dumu la maji. Harufu ikampiga usoni: mafuta ya ini la papa, yale ya kupaka mbao za chombo. Kule uani madumu yalikuwa mawili, yote ya njano, na aliyepakia ni yeye. Akafunga kifuniko. Akalisukuma chini ya nyavu.

"Dumu la maji limechukuliwa na wimbi," akasema.

"Si lipo birika la maji?" Dilmurad akajibu. "Tutadonoa kama kuku."

Walikunywa kwa kifuniko cha birika. Siku ya nne Dilmurad akawa anagusisha midomo tu, kisha anampa mwenzake.

"Kunywa, nahodha. Mimi na kitambi hiki nina akiba."

Shambe akanywa.

Siku ya tano papa mdogo alinasa kwenye mshipi. Ngozi yake, kali kama msasa, ilimchuna Dilmurad viganja. Akampasua mbiombio, akitafuta uti wa mgongo aukamue maji kama wa jodari. Kisu kikapita bila kugonga mfupa. Gegedu tupu.

"Usile nyama yake," Shambe akasema. "Papa hukaa na mkojo wake mwilini. Itakukausha zaidi."

"Mfupa hana, kibofu cha hewa hana, ana nini huyu?" Dilmurad akavuta ini, likamjaa mikono yote miwili. "Ana hili tu, ndilo linalomfanya aelee. Shemeji, tungekuwa na mafuta yake dumu moja, ile meli ingeona moshi."

Meli ilikuwa kusini, ndogo kama punje, inakwenda zake.

Shambe akaitazama. Akatazama midomo ya Dilmurad iliyopasuka, ulimi uliovimba. Akainua nyavu.

"Nililificha," akasema. "La dharura."

Dilmurad akacheka mpaka akakohoa. "Shetani wewe! Na uso mkavu hivyo!"

Wakalowesha matambara, wakawasha ndani ya sufuria. Moshi mweusi ukapanda. Meli ikageuka.

Dilmurad harudi baharini tena, figo zimemchoka. Jana Gohar alipomaliza hadithi yake, Dilmurad alisubiri wageni watoke, akamshika Shambe mkono.

"Juzi nimekuta dumu la njano uani, nyuma ya kuni. Nikaonja. Maji, shemeji."

Shambe alikuwa ameshika kamba ya mbuzi.

"Dada yako sitamwambia. Ila mimi niambie, kwa mdomo wako mwenyewe."

Shambe aliifungua kamba, akaanza kuifunga upya.