Zege Bichi Halibebi Ghorofa

Timazi alikuwa mwashi. Watu walimpa jina hilo, la ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta, kwa sababu kuta zake hazikuinama hata kidogo.

Siku hiyo mteja mmoja alimkera. Zege la ghorofa lilikuwa limemwagwa juzi tu, naye alitaka matofali yapandishwe juu yake.

"Fundi, si limeshakauka? Mimi nimelikanyaga mwenyewe."

"Juu limekauka, ndani bado bichi," alisema Timazi. "Tutalimwagilia maji mpaka likomae. Ukiliwahi, litakuwahi."

Jioni alirudi nyumbani, akanawa saruji mikononi, akaketi mezani. Mkewe alikuwa akipakua chakula. Binti yao, aliyefanya kazi katika duka la dawa, aliingia akiwa na raba mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Mazoezini na baba mdogo, leo tumeongeza na ya jioni. Anasema sasa naweza kumaliza nusu marathoni. Anasema nilale mapema. Anasema..."

"Anasema, anasema. Nyumba hii siku hizi ina redio."

Mkewe alicheka. Timazi hakucheka.

Huyo baba mdogo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, dereva wa gari la wagonjwa. Timazi ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Timazi ndiye pia aliyemfundisha binti yake kutembea, akimshika vidole uani. Sasa kila alfajiri alisikia dirisha likigongwa taratibu. Binti alitoka, na wale wawili wakaondoka wakicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma.

"Hizo mbio ni lini?" aliuliza.

"Baada ya wiki tatu, baba."

"Nami nitakimbia."

Mkono wa mkewe ulisimama juu ya sufuria. "Wewe? Juzi nilikutuma chumvi, ukasema duka liko mbali."

"Nabeba saruji kutwa nzima. Kilomita ishirini na moja ni kitu gani?"

Mdogo wake alipopata habari, alikuja.

"Kaka, nimefurahi," alisema. "Lakini wiki tatu hazitoshi. Mimi na binti tulianza miezi mitano iliyopita, tukitembea kidogo na kukimbia kidogo. Mwaka huu kimbia zile za kilomita tano."

"Hizo ni za watoto."

"Basi kapime presha kwanza. Halafu njoo tufanye mazoezi sote."

Timazi aliyasikia maneno hayo kama mlango unaofungwa. Aliona mdogo wake anataka kubaki na mtoto peke yake.

"Mtoto ni wangu," alisema. "Nitakimbia naye mimi."

Mdogo wake alimaliza chai yake, akaaga.

Timazi alifanya mazoezi mara chache tu. Alikimbia kwa kujificha, na kila mara kwa kasi, kama mtu anayefukuzwa. Goti likaanza kuuma, akanyamaza. Kupima presha hakwenda. Siku moja kabla ya mbio alinunua viatu vipya.

Asubuhi ya mbio walisimama watatu kwenye mstari.

"Kaka, anza polepole," mdogo wake alimwambia. "Kipimo ni mdomo. Ukiweza kuongea sentensi nzima, mwendo ni sawa. Ukishindwa, punguza. Ukihitaji kutembea, tembea. Hakuna aibu."

Timazi alikuwa ameshauma meno.

Mbio zilipoanza, alichomoka mbele ili binti amfuate yeye. Kwenye meza ya maji hakusimama. Aliogopa akisimama, wale wawili watakwenda pamoja.

"Baba, kunywa maji," binti aliita.

Timazi alipunga mkono.

"Baba, mbona huongei?"

Hakuweza. Pumzi ilikuwa imekwisha.

Walipofika kilomita ya kumi na nne, visigino vilikuwa vimechubuka. Misuli ya miguu ilikuwa imekaza kama waya. Halafu ukuta wa duka kando ya barabara ulianza kuinama. Timazi aliutazama. Ukuta ule ulikuwa umenyooka, alijua. Aliyeinama ni yeye. Akaketi chini.

Binti na mdogo wake walimkimbilia. Mhudumu wa huduma ya kwanza naye alifika, mwanamke mwenye sauti tulivu.

"Kifua kinauma?" aliuliza.

"Hapana."

"Vizuri. Kingeuma, tungekupeleka hospitali sasa hivi." Alimlaza kivulini, akainua miguu yake, kisha akampa maji kidogo kidogo. "Umejiandaa kwa muda gani?"

"Wiki tatu."

Mhudumu alitikisa kichwa. Binti alijaribu kutabasamu.

"Baba, miguu yako ni zege bichi. Umeipandishia ghorofa."

Timazi alitaka kucheka, lakini alipomtazama vizuri aliona machozi. Wakimbiaji walikuwa wakiwapita, mmoja baada ya mwingine. Miezi mitano ya alfajiri za binti yake ilikuwa ikipita hapo barabarani.

"Nenda umalize," mdogo wake alimwambia binti. "Mimi nitabaki na baba yako."

"Sitaki kumaliza peke yangu."

Timazi alifumba macho. Maneno aliyotaka kusema yalikuwa mazito kuliko saruji.

"Mdogo wangu, nenda naye. Mimi nina mhudumu hapa."

"Kaka, una hakika?"

"Nenda. Wewe ndiye uliyemfikisha hapa."

Waliondoka. Baada ya muda alisikia kicheko cha binti yake kwa mbali. Safari hii hakikumuuma sana. Kilimuuma kidogo.

Jioni mkewe alimletea beseni la maji. "Leo Timazi umepinda," alisema, akamsaidia kuvua viatu.

Mdogo wake alikuja, wakakaa wawili barazani.

"Nilikuonea wivu," Timazi alisema.

"Nilijua. Nami nakuonea wivu wewe. Mimi sina mtoto. Binti yako ananiita baba, halafu anaongeza mdogo."

Timazi alimsogezea kikombe cha chai.

Alipumzika mpaka miguu ikapona. Kisha alikwenda kupima presha. Ilikuwa juu kidogo. Daktari alimpa ushauri, akamruhusu kuanza kwa kutembea. Alfajiri iliyofuata dirisha lilipogongwa, walitoka watatu. Mwanzoni Timazi alitembea tu. Baadaye alikimbia kidogo, akatembea, akakimbia tena. Kila wiki waliongeza umbali mdogo, na siku za kupumzika alipumzika kweli. Goti likiuma, alisema.

Mwaka uliofuata alisimama tena kwenye mstari. Viatu vyake vilikuwa vya zamani, vyenye vumbi la njia za mazoezi. Alisimama kwenye kila meza ya maji. Walipofika pale kwenye duka, aliutazama ukuta.

"Umenyooka," alisema. "Lakini aliyepiga lipu kafanya haraka. Mnaona ule ufa? Sasa, mimi ningelikuwa..."

Akaeleza lipu mpaka kilomita ya kumi na sita. Baada ya lipu akaeleza vigae.

"Baba mdogo," binti alisema, "kile kipimo chako cha mdomo hakina kikomo?"

Wote watatu walicheka, na Timazi akaendelea na vigae.