Kura ya Jaji wa Tatu

Fuso ya bluu ilikata kona karibu na soko, na Davy Ukumu akakata kona nyuma yake, pikipiki yake ya TVS ikilia kwa uchungu.

Mita mia mbili.

Mita mia moja.

Kisha wakaja ng'ombe. Kundi zima likavuka bulevari polepole, kana kwamba lami ni ya baba yao. Davy alikanyaga breki hadi goti likamchoma. Vumbi jekundu likamjaa mdomoni. Ng'ombe wa mwisho alipopita, Fuso ilikuwa imepotelea mitaani.

Alitema mate. Miaka ishirini na miwili katika kazi ya siri, na bado ng'ombe walikuwa wanamshinda.

Redio ya Motorola ikakoroma ndani ya koti.

"Mbega, gari iko wapi?" Alikuwa Marcelline, mkuu wake, akimwita kwa jina lake la kazi kutoka ofisi isiyo na kibao.

"Imeniponyoka, chef."

"Namna gani?"

"Bangombe."

Davy alimsikia mwanamke yule akivuta pumzi ndefu.

"Bon. Sikiliza muzuri. Muzungu anapika saa sita. Narudilia: muzungu anapika saa sita."

Davy alifumba macho. Mzungu ni Korda, mnunuzi wa dhahabu aliyeingia Ituri na pasipoti tatu na marafiki wengi. Kupika ni kuua kwa sumu. Na saa sita ni saa sita.

Sababu aliijua. Saa nane mchana ujumbe wa Wamarekani ungetua Bunia kuzungumzia kurudisha chakula cha wakimbizi, na kwa kuwa dunia ndivyo ilivyo, kuzungumzia migodi pia. Wakikuta maiti na mji unawaka moto, ndege ingegeuza. Migodi ingebaki mkononi mwa Korda.

"Sumu iko mu nini?"

"Hatujue. Ile Fuso njo iliibeba, na Serge, mutu wa muzungu, njo aliipokea. Serge iko mu salle yenu ya mujadala asubui hii. Basi nenda uhukumu, muzee."

Uhukumu. Hapo Davy alicheka peke yake, kicheko kikavu. Bunia nzima ilimjua kama mwalimu mstaafu wa historia, na leo mwalimu mstaafu alikuwa jaji wa tatu na mwenyekiti wa majaji katika mashindano ya mjadala ya wanafunzi.

Saa yake ya Casio ilisema saa nne na robo. Chini ya koti, upande wa kushoto, alikuwa na bastola ya Makarov. Upande wa kulia alikuwa na boksi la vidonge vya Sylvie, dada yake. Miaka kumi na miwili Sylvie alipewa dawa hizo bure kwa fedha za Amerika, na miaka kumi na miwili hakulala kitandani hata siku moja kwa ugonjwa wake. Kisha msaada ukakatwa huko mbali, kwa saini, na tangu hapo kliniki ilikuwa na wimbo mmoja: rudi wiki ijayo. Boksi hili Davy alilitafuta mpaka ng'ambo ya mpaka. Lilikuwa la mwezi mmoja.

Alipofika ukumbini, akasoma kitambaa kilichotundikwa juu ya jukwaa.

JE, AMERIKA IMEITENDEA DUNIA MEMA?

"Wamepata siku ya kuniuliza," alinong'ona.

Watu mia tatu walikuwa wamekaa. Wengi walikuwa wa familia zilizokimbia vita huko Fataki na Kpandroma, sasa wakiishi chini ya maturubai nje ya mji. Mjadala ulifanywa kwa Kiswahili badala ya Kifaransa ili wao waelewe. Lakini tusidanganyane, hawakuja kwa ajili ya mjadala. Walikuja kwa ajili ya makopo.

Makopo sitini ya mafuta ya kupikia yalipangwa jukwaani, yaking'aa, kila moja na herufi tatu: USA.

Serge alimjia na mkono ulionyooshwa. Alikuwa mfanyabiashara, mfadhili wa mashindano, shati jeupe, manukato ya kutosha harusi mbili.

"Président ya jury! Unaona zawadi? Stoki ya mwisho, ilibakiaka mu dépôt. Mukimaliza kupiga kura, siye tunagawa. Bamama batapika nayo leo leo."

Nje, masufuria makubwa ya maharage yalikuwa yanachemka tayari. Harufu iliingia mpaka ndani. Maharage yalikuwa yanangoja mafuta tu.

Watu wakifa kwa mafuta yenye jina la Amerika, mji ungewageukia Wamarekani hao hao. Alijifanya anapangusa vumbi kwenye kopo moja. Mfuniko umefungwa. Chapa ipo. Kila kitu sawasawa. Pembeni mwa jukwaa walisimama vijana wawili wa Serge, mashati yao yamevimba kiunoni.

Aliketi kwenye kiti cha jaji, akanong'onea kipaza sauti kidogo kilichofichwa kwenye kifungo cha kola, kisikilizio kikiwa sikioni.

"Kituo. Nafikiri iko mu mafuta."

"Unafikiri ao unajua?"

"Nafikiri."

"Ukikosea mbele ya batu mia tatu benye njaa, batakupasua, na mafuta itagawiwa bila weye. Leta preuve ya kuonyesha batu, Mbega. Natuma batu betu, Mumbere na Kambale, lakini preuve mbele."

Mjadala ukaanza.

Guelord, mwanafunzi mrefu mwenye tai ya kuazima, aliitetea Amerika. Alitaja unga, vyandarua, dawa, chanjo. "Nani mu salle hii hajakula unga yao? Ainue mukono!" Hakuna aliyeinua. Wamama wakapiga makofi.

Nadège akasimama kumpinga. Alikuwa mdogo wa umbo, sauti ya kengele.

"Bomu iliyounguza miji ya Japani, uranium yake ilitoka wapi? Hapa kwetu Congo, mu mugodi ya Shinkolobwe. Mutaa wetu mumoja unaitwa Lumumba. Muulize nani alisaidia kumuangusha. Mukono yenye inakupa kijiko, njo ile ile iliiba chungu yako!"

Ukumbi ulinguruma.

Davy alishika kalamu. Hayo yote alikuwa ameyafundisha darasani, mwaka baada ya mwaka, kwa hasira ya kweli. Na jioni alirudi nyumbani akamkuta Sylvie mzima, anapika, anamtania kuhusu kipara chake. Guelord hakusema uongo. Nadège pia hakusema uongo. Davy alichoka, si kwa usingizi, bali kwa kubeba mambo mawili ambayo hayakubali kukaa kwenye kikapu kimoja.

Padri, jaji wa kwanza, akainua karatasi: Ndiyo.

Mkuu wa shule, jaji wa pili: Hapana.

Macho yote yakamgeukia wa tatu. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Kura yake ingefunga mjadala, na mjadala ukifungwa makopo yanafunguliwa. Basi Davy akafanya kitu pekee alichoweza kukifanya bila kudanganya. Akafikiri.

Dakika tano.

Dakika nane.

"Président," Serge alisema akitazama saa, tabasamu limeanza kukauka, "bamama banangoja."

"Jaji anafikiri."

"Njaa haifikirake!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi ukacheka.

Davy akasimama. "Siwezi hukumu bila mushahidi. Nataka mutu aliyepokeaka hii misaada. Mama ule wa kilemba ya kijani, tafazali."

Mama Espérance kutoka Fataki, kiongozi wa safu yake kambini, alipanda jukwaani bila haraka. Kabla ya kusema neno, alichukua kopo moja, akaligeuza kichwa chini.

Kambini kila mama hufanya hivyo. Kopo moja hugawanywa kwa nyumba tano, na likiisha huwa la mmoja wao kwa zamu, kwa sababu kopo tupu nalo ni mali: ni kipimo cha unga, ni jiko, ukiyapata mengi ukayapasua na kuyanyoosha, ni mlango. Ili wasigombane, kila mama huchora alama yake kwa msumari, chini, mahali ambapo mtu mwingine hatazami.

Mama Espérance aliangalia sana.

"Hii iko yangu," alisema.

"Mama, yote itakuwa yenu," Serge akajibu haraka.

"Apana. Hii njo yangu. Ona musalaba, ona nukta tatu, batoto yangu tatu. Niliiuzisha mu soko mwaka jana, tupu, nikanunua chumvi. Namna gani inanirudilia na mafuta?"

Mama mwingine akapanda, akageuza kopo. "Na hii iko ya shemeji yangu!"

Davy alihisi aibu na furaha kwa pamoja. Fundi wa Serge alikuwa ameziba matundu ya juu vizuri, akapaka rangi, akarudisha chapa. Chini hakutazama. Davy mwenyewe, jasusi wa miaka ishirini na miwili, hakuligeuza kopo.

Alitoa kisu, akatoboa mfuniko, akamimina kikombeni.

"Serge. Kunywa."

Serge akarudi nyuma hatua moja.

"Mi sikunywaka mafuta, président."

"Kijiko moya tu."

Mkono wa Serge ukashuka kiunoni.

Makarov ya Davy ilitangulia.

Vijana wake wawili waliwatazama watu mia tatu wakiinuka. Wakapiga hesabu. Wakaruka dirishani.

"Auawe!" mtu alipiga kelele. Jiwe likapita sikioni mwa Davy.

"Mukimuua huyu, bwana yake anakimbia!" Davy alipaza sauti, akimkinga Serge kwa mgongo wake, na alichukia kumkinga.

"Mukae!" Mama Espérance alisema, mara moja tu. "Tuko batu, hatuko moto. Na mutu aende aambie bapishi maharage italiwa na chumvi."

Wakakaa.

Davy akachomoa redio kwenye mkanda wa Serge, akamwekea mdomoni.

"Umuambie Korda batu banaanguka."

Serge akabonyeza kitufe. "Patron... batu banaanguka. Banaanguka mingi. Kuja na camera."

Dakika nne. Droni ya DJI ikanguruma juu ya paa, kisha Land Cruiser nyeupe ikasimama mlangoni. Korda akaingia, kamera begani tayari kupiga picha za maiti, uso umeandaliwa kwa huzuni.

Akakuta watu mia tatu wazima, wameketi, wanamwangalia.

"Karibu," Davy alisema. "Umechelewa chakula."

Mumbere na Kambale walitokea nyuma ya mlango. Pingu zikalia mara mbili. Korda hakupigana. Alimtazama tu Davy kwa mshangao wa kweli.

"Unawalinda Wamarekani? Wamekufanyia nini wewe?"

"Njo swali ya leo hiyo," Davy akajibu. "Lakini mimi nililinda maharage."

Saa nane kasoro ndege ilipita chini juu ya mabati. Motorola ikakoroma.

"Mbega, muzuri sana. Bageni banatua. Nitabaeleza yote. Najua bataomba kukuona, bakushukuru."

"Baambie shukrani haimezwake na maji kama kidonge."

"Unasema?"

"Bure tu, chef. Nimechoka."

Alizima redio. Mama Espérance alimzuia mlangoni akidai kopo lake, na Davy akamwahidi atalirudisha likishatoka mikononi mwa hakimu. "Nitaiosha mara kumi," mama alisema. "Imebakia moya tu mulango yangu itimie."

Alikuwa ameshapanda pikipiki Nadège alipomkimbilia, akimpa kalamu na karatasi tupu ya jaji.

"Président! Kura yako. Haukuandika kitu."

Davy aligusa mfuko wa kulia. Boksi lilikuwepo.

"Niko na dada," alisema. "Siku atakufa ya uzee, nitaandika ndiyo."

"Na akikufa mbele ya uzee?"

Davy alivaa helmeti, akamrudishia kalamu.

"Basi utaandika weye."

Akapiga kiki. Sylvie alikuwa anamngoja, na vidonge humezwa saa nane kamili.